Kijumba na Majirani Zake

Mtoto wa kiume wa Kinyakyusa, katika desturi iliyodumu Rungwe hadi karibu na katikati ya karne ya ishirini, alijenga nyumba yake ya kwanza akiwa na umri wa miaka kumi au kumi na mmoja. Hayakuwa mambo ya kitoto. Yeye na wenzake wa rika moja, wachunga ng'ombe kama yeye, walihama katika nyumba za baba zao, wakatafuta mahali pembezoni mwa kijiji, wakasimamisha vijumba vyao vya matete na mianzi, na usiku ukiingia wakalala humo. Kadiri walivyokua ndivyo walivyojenga upya, kwa ustadi zaidi na kwa nafasi kubwa zaidi. Walipooa, wake zao waliletwa papo hapo. Kile kilichoanza kama kambi ya watoto kikawa kijiji kamili chenye migomba, mashamba na viongozi wake. Kijiji hicho hakikuwa cha ukoo. Mtu aliishi na wale waliozaliwa karibu na siku zake, wala hakuishi na baba yake wala na babu yake.

Habari hizi ziliandikwa kwa urefu na Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini, aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, na kitabu chake juu ya vijiji vya rika kikatoka mwaka 1951. Masukulu, kata ya wilaya ya Rungwe katika miteremko ya kutoka Tukuyu kuelekea Kyela na Ziwa Nyasa, imo katika nchi hiyo hiyo ya migomba, mianzi na mvua. Mvua ya huko si ya kusimuliwa kwa mtu wa pwani akaamini upesi. Sehemu nyingi za Rungwe hupata zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka. Katika nchi kama hiyo paa ni jambo la kwanza la uhai, na mtu angetarajia kwamba watu wake wangejenga nyumba kubwa na kujifungia humo. Walijenga ndogo, na wakakaa nje kila mvua ilipowaruhusu.

Swali linalozuka hapa ni kongwe katika mawaidha na katika tungo: mtu anahitaji nyumba kubwa kiasi gani? Washairi wengi wamelijibu kwa kusifu kinaa na kumkumbusha msikilizaji kwamba nyumba ya mwisho ni shimo lisilozidi urefu wa kimo chake. Walimwengu wamelijibu kwa vitendo: kila mwenye uwezo akaongeza chumba. Majibu haya mawili hugombana, lakini yana kasoro moja. Yote yanaifanya nyumba kuwa shauri la mtu na nafsi yake, kana kwamba udogo au ukubwa wake humhusu mwenye kulala ndani peke yake. Kijana wa Unyakyusa hakuwa mtu wa kinaa. Alijenga kijumba kwa sababu hakukusudia kuishi ndani yake. Alikusudia kulala humo tu. Kuishi kulikuwa nje, pamoja na wenzake.

Kinyakyusa kina neno kwa jambo hilo, ukwangala. Kiswahili hakina neno moja la kulikabili. Ni kukaa pamoja kwa furaha, kuzungumza, kula na kunywa pamoja. Na wakati huo huo ni adabu na busara anayoipata mtu kwa kukaa hivyo, ambayo hawezi kuipata peke yake wala kwa wazazi wake. Pengine kinachokaribia ni kile watu wa visiwani wanachokipata barazani baada ya alasiri, kahawa ikiwa imeshapita mara mbili na hakuna anayeuliza ni saa ngapi.

Na hapa lugha yenyewe inatia mguu. Katika Kiswahili cha mitaani, mtu akisema fulani ana "nyumba ndogo", hakuna anayefikiria mianzi wala udongo; kila mtu anajua kwamba anasemwa mwanamke wa pembeni. Neno limeharibika kiasi kwamba mwandishi anayetaka kusifu nyumba iliyo ndogo hana budi aseme "kijumba" asije akachekwa. Lakini lugha haikukosea sana. Nyumba iliyo ndogo na ya peke yake, iliyofichwa mbali na macho ya majirani, ina siri ndani yake. Kijumba cha Rungwe hakikuwa na siri, kwani hakikuwa cha peke yake.

Kwa nini basi mtoto atoke kwa baba yake? Sababu waliyoitoa Wanyakyusa wenyewe ilikuwa staha. Nyumba ya mianzi ni moja na wazi ndani. Hata ng'ombe waliingizwa humo usiku, wakafungwa upande wao. Mtoto anayekaribia kubaleghe haifai alale panaposikika yasiyomhusu baina ya baba na mama. Tena atakapooa, mkewe atawajibika kumwepuka baba mkwe kabisa, asionane naye wala asitaje jina lake. Watu wawili waliokatazwa kuonana hawawezi kugawana ua mmoja. Kwa hiyo nyumba za vizazi viwili zilitenganishwa kwa umbali wa kutembea.

Pwani ilikuwa na haja ile ile ya staha, ikaitimiza kwa njia nyingine. Nyumba ya mawe ya Lamu huanza na daka, ikaingia kiwandani, ikapita msana wa tini na msana wa juu, ndipo ikafika ndani. Vyumba vyake ni vyembamba, kwani upana wao huwekewa mpaka na urefu wa boriti za mikoko, lakini vimefuatana kwa mpango, kila hatua ikimwacha nyuma mtu ambaye si wa hatua inayofuata. Mgeni huishia dakani; jamaa hufika mbele zaidi; na walio wa ndani ni wachache. Methali isemayo nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, ni methali ya watu wenye nyumba za namna hiyo: uzuri una kina, na anayehukumu kwa mlango amehukumu upesi. Mnyakyusa wa zamani angeisikia methali hiyo akashangaa. Kwake, anayetaka kuujua wema wa nyumba angesimama mlangoni akaipa mgongo, akatazama ni nani wanaokaa mkabala.

Staha moja, basi, na mipango miwili ya kuitunza: huku umbali umetiwa ndani ya nyumba, kule umewekwa baina ya nyumba na nyumba. Si haki kuuita mmoja ustaarabu na mwingine ufukara, ingawa ndivyo ilivyosemwa mara nyingi, hata na watu wa pwani ambao wangepaswa kujua zaidi. Serikali nazo hazikuona tofauti. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, kilichohesabiwa kilikuwa mapaa. Mahali ambapo kaya moja ni nyumba moja kubwa, hesabu hiyo ina maana fulani. Mahali ambapo kila mke ana nyumba yake na vijana wana zao, kodi ya mapaa ni kodi ya staha. Na haishangazi kwamba sehemu nyingi za nchi watu walijibanza wengi chini ya paa moja ili kupunguza fedha ya kutoa.

Mpaka hapo mtu angeweza kuridhika na kukiimbia kijumba sifa. Lakini kuna jambo ambalo sifa hizo hulipita haraka, nalo ni chakula. Wale vijana waliolala kwao hawakupika kwao. Walikula kwa mama zao, tena si kila mmoja kwa mama yake peke yake: walikwenda kundi zima, leo nyumba hii, kesho ile, na fahari ya kijana ilikuwa kuwaleta wenzake wakakuta kuna cha kula. Uhuru wa kijumba ulitegemea chungu kilichokuwa juu ya mafiga mahali pengine. Kina mama hawakuwa na vijiji vya rika. Msichana hakujenga kijumba pamoja na wenziwe; alitoka kwa baba akaenda kwa mume, na ukwangala wake aliutafuta shambani na kisimani, katikati ya kazi. Kila anayesifu maisha ya vitu vichache hana budi kuulizwa swali hili kabla hajamaliza: nani anapika?

Swali hilo linamfaa pia Mmarekani Henry David Thoreau, aliyejenga kijumba chake cha mbao mwaka 1845 kando ya ziwa dogo la Walden, katika ardhi ya rafiki yake Emerson, kwa gharama ya dola 28 na senti kadhaa alizoziorodhesha moja moja. Kitabu alichokitoa mwaka 1854 kimekuwa kama msahafu wa wapenda nyumba ndogo duniani, na wengi wao leo ni watu wenye uwezo wa kununua kubwa. Thoreau alikuwa mkweli kuliko wafuasi wake. Alikiri kwamba mara moja moja alikula kwa watu, na kijijini hapakuwa mbali. Lakini alichokitafuta kilikuwa upweke wa kufikiri, na kijumba kilimsaidia kuupata. Wa Rungwe alitafuta kinyume chake kwa chombo kile kile. Ndiyo maana si sahihi kusema kwamba nyumba ndogo humfundisha mtu jambo fulani. Haimfundishi kitu mpaka ijulikane imejengwa karibu na nani.

Na kukaa karibu na watu kuna gharama yake. Ukuta wa mianzi hauzuii harufu. Anayechoma nyama Unyakyusa ya zamani aliichoma mbele ya kijiji kizima, hata kama mlango wake umefungwa, na anayekula peke yake alijua kwamba anasemwa. Wanyakyusa waliamini kwamba manung'uniko ya majirani yana nguvu: pumzi ya watu waliokasirika humfikia mtu kama baridi, ikamtia ugonjwa. Pumzi hiyo ilimwadhibu mchoyo na mwenye kuwavunjia heshima wazazi, lakini haikuwa na kadhi wa kuipima. Mtu aliyefanikiwa kupita wenzake kwa jasho lake aliishi katika hofu ile ile ya mwizi. Tuhuma za uchawi ziliweza kumfukuza mtu kijijini, akaacha migomba yake na nyumba yake. Haya nayo ni sehemu ya ukwangala, na anayeutaka utamu wake bila uchungu huu anataka kitu ambacho hakijapata kuwapo.

Kwa hiyo ukuta wa tofali za kuchoma, ambao leo ndio unaoonekana Rungwe yote pamoja na paa la bati, usilaumiwe upesi. Nyuma yake mjane anaweza kufunga mlango. Mwenye mtoto mgonjwa anaweza kumpa yai bila kueleza kwa nini hakugawa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilimpa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi, na ingawa sheria ni jambo moja na mila ni jingine, angalau yapo maandiko ya kushika mkononi. Bibi aliyepika vyungu kwa kundi la vijana wasio wake asingeona hasara kubwa katika mabadiliko hayo.

Vijiji vya rika vyenyewe havikuuawa na tofali. Vilikosa ardhi. Ili watoto wahame wote wakajenge upya panahitajika nafasi tupu, na nafasi ilipungua watu walipoongezeka na kahawa na chai zilipoanza kukaa juu ya ardhi kwa miaka mingi. Shamba la kudumu halitaki kuhamahama. Baba aliyepanda kahawa hutaka mwanawe airithi. Vijana nao walikuwa wamekwisha kuondoka kwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa na migodi ya shaba kusini, wakarudi na fedha yao wenyewe. P. H. Gulliver, aliyeandika juu ya ardhi ya Wanyakyusa mwaka 1958, aliikuta desturi ikiwa inafifia.

Kilichofuata ni cha kustaajabisha kidogo. Mtoto wa Rungwe aliyefanikiwa Mbeya au Dar es Salaam hujenga kwao nyumba yenye vyumba vingi, vigae au bati la rangi, na madirisha yenye nondo. Hufunguliwa wakati wa Krismasi na wakati wa msiba. Siku nyingine zote humo hukaa mzee mmoja na mjukuu, au mlinzi. Hali hii haiko Rungwe peke yake. Anayetembea mashamba ya Unguja na Pemba atazikuta nyumba za namna hiyo, za watu walioko Muscat au London. Ni nyumba zilizojengwa kwa ajili ya majirani, ili waone. Lakini hazikujengwa ili kukaa nao. Barazani mwake hakuna aliyekaa. Hizi nazo, kwa kweli, ni namna ya kutafuta ukwangala kwa mtu aliyeukosa mjini, na aliyeijenga hastahili kudharauliwa. Alitaka kuwa na mahali miongoni mwa wenziwe, na fedha ilimpa kuta.

Katika vijiji vingi vya Tanzania, na Rungwe pia, lingaliko jambo moja dogo. Kijana akipata miaka kumi na mitano au zaidi, haionekani vyema aendelee kulala nyumba moja na wazazi. Hujengewa, au hujijengea, chumba kimoja pembeni mwa ua, kwa tofali zilizobaki na bati kuukuu. Vijana wenyewe hukiita geto. Ndani mna kitanda, redio au simu inayoimba, picha za wachezaji mpira ukutani. Na jioni hujaa vijana wa rika lake, wengine wamekaa kitandani, wengine kizingitini, wengine nje kabisa juu ya ndoo zilizopinduliwa kwa kuwa ndani hapatoshi. Chakula chao kinatoka jikoni kwa mama, katika sahani kubwa iliyofunikwa, na mara nyingi anayekibeba kuvuka ua ni dada yake mwenye chumba.