Nani Alilipa Shoti Yangu?

Nimewahi kuiba kazini. Naanza na hilo kwa sababu habari za wizi hotelini husimuliwa na aliyeibiwa, na mwizi haulizwi alikuwa akiwaza nini.

Nilikuwa weita kwenye hoteli moja ndogo katikati ya jiji la Nairobi, zile za chai, chapo na pilau. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili baada ya karo kushindikana. Njia yangu haikuwa na maajabu. Saa saba mchana, watu wakiwa wengi, namwambia mteja M-Pesa ya hoteli inasumbua, atume kwa namba hii. Namba ilikuwa yangu. Oda haikuandikwa popote, na mpishi alikuwa na mgao wake. Mia mbili leo, mia tatu kesho. Sikuwahi kuuita wizi. Niliuita kujipanga.

Nilikuwa na hoja, na bado naona ina uzito. Naingia saa kumi na mbili asubuhi, natoka saa mbili usiku, na mshahara haufiki tarehe ishirini. Mdosi ana magari mawili. Kama ananilipa chini ya jasho langu, si yeye ndiye aliyeanza kuiba? Mimi najirudishia tu. Jikoni hakuna aliyeipinga hoja hii.

Shida ni kwamba pesa yenyewe haikutoka kwa mdosi.

Mwisho wa mwezi, vyakula vilivyotumika havikulingana na mauzo. Meneja hakutafuta aliyechukua. Aligawa hasara kwa vichwa: tulikuwa tisa, kila mtu akatwe shilingi 800. Hiyo ndiyo shoti. Mimi sikuumia, nilikuwa nimeshaiokota mara kadhaa. Mpishi pia. Aliyeumia ni mama wa kuosha vyombo, ambaye hakuwahi kushika pesa ya mteja hata siku moja.

Na huyo mama ndiye aliyepekuliwa kila jioni mlangoni. Siku moja askari alipata kwa mkoba wake chapati mbili zilizobaki, baridi, za kupelekea watoto. Zikatupwa kwa pipa la taka mbele yetu, na mama akapewa onyo. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye laini, simu mfukoni, salio limenona. Askari akanigusagusa mifuko, akasema, "Pita, kijana."

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kumkata mfanyakazi shoti ya pesa ikitokana na uzembe au udanganyifu wake mwenyewe, na iwe mkataba wake unamkabidhi pesa. Mama wa vyombo hayuko hapo hata ukimtafuta na tochi. Kumkata yeye hakukuzuia wizi, kuliuhamisha tu. Tena kulitufunza vibaya: kama utakatwa uibe usiibe, basi mwaminifu ndiye anaonekana fala.

Sisemi mdosi hakuwa na haki ya kulia. Chapati moja haina faida ya kuchezewa. Na kilio chenyewe ni cha zamani: mashine ya kusajili mauzo kaunta ilibuniwa 1879 na James Ritty, mwenye baa huko Dayton, Ohio, Marekani, aliyechoka na wafanyakazi kutia mauzo mfukoni. Sipingi mashine wala kamera. Ila kila kinga ningeiuliza swali moja: inamtenganisha aliyechukua na asiyechukua, ama inawabeba wote pamoja?

Kupekua mkoba wa mama kunaanguka mtihani huo. Kugawa shoti pia. Kinachopita ni vitu vya kawaida. Namba ya malipo ibandikwe kila meza, ikiwa na jina la hoteli, na mteja aambiwe asitume kwingine. Kila weita ahesabu mauzo yake mwisho wa zamu mbele ya meneja, wote wawili watie sahihi. Wafanyakazi wapewe chakula, na kinachobaki kiandikwe kisha kigawanywe mchana peupe. Hasara isiyojulikana ni ya nani ibaki ya biashara, kama vile faida huwa ya biashara.

Lakini hayo yote hayaniondolei langu. Mshahara mdogo unaeleza kwa nini nilishawishika. Hauelezi kwa nini mama, aliyelipwa chini yangu, hakugusa shilingi ya mtu. Kuna watakaosema chapati ni chapati, naye pia aliiba. Mimi najua tu kwamba chapati zake zilikuwa zinaelekea kwa pipa, na hakuna aliyekatwa mshahara kwa sababu yake. Yeye alikatwa kwa sababu yangu.

Sikuwahi kushikwa. Niliacha kazi mwenyewe, nikaanza kuandika, na namba ya mama ilibaki kwa simu. Mwaka jana nilimtumia shilingi 1,600, shoti zake za miezi miwili ninayoikumbuka vizuri. Dakika tano baadaye akapiga.

"Mwanangu, umekosea namba?"

"Hapana mama, ni zako."

"Za nini sasa?"

Nilikuwa na jibu. Nikamwambia laini inasumbua, nikakata.