Mgeni Mwenye Daftari

Ndugu msomaji, mwanao akienda kuishi Brno au Prague kuchunguza maisha ya Wacheki, atakuta bia ni jambo la kila siku mezani, na watu ambao wengi wao katika hesabu ya 2021 hawakujitaja kuwa na dini. Atakuta pia jirani aingiapo katika lifti huamkia, "Dobrý den", yaani siku njema, hata kwa asiyemjua. Mgeni huvua viatu mlangoni. Na kijana humpisha mzee kiti katika tramu.

Je, arudipo asimulie lipi? Akitaja bia tu, hakusema uongo, lakini amewadhulumu. Akisifu tu, na akaona haya kusema kuwa yeye hakunywa, ameidhulumu nafsi yake. Aliyefunguliwa mlango amepewa amana, na uadilifu tumeamrishwa hata kwa tusioafikiana nao.

Wala asisahau kuwa naye anachunguzwa. Brno kuna msikiti tangu 1998, lakini Waislamu huko ni wachache. Pengine jirani yule hatamjua Mwislamu mwingine ila yeye. Daftari lake litasomwa na wasomi. Mwenendo wake husomwa kila siku ngazini. Mola awajaalie watoto wetu kuyatengeneza yote mawili. Amin.