Mizani ya Nyimbo za Zamani

Ndugu msomaji, kuna mchezo mmoja ambao watu wa makamo wanaupenda mno, nao ni kuutaja mwaka mmoja wa ujana wao na kuzipanga santuri na nyimbo zake daraja kwa daraja: hii ya kwanza, hii ya pili, mpaka ya kumi. Mchezo huu utaukuta katika baraza zetu za Mwambao, na utaukuta vilevile huko Mbeya na Iringa, katika baridi ya Nyanda za Juu Kusini, ambako watu huvaa makoti yao na kulizunguka jiko la makaa. Mmoja husema wimbo bora wa mwaka 1984 ni wa Sikinde. Wa pili husema la, ni wa Juwata, bendi tunayoiita leo Msondo. Wa tatu huapa kwamba tangu Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali ya gari, Januari 1979, hapana aliyestahiki tena kuwekwa wa kwanza. Sauti hupanda, na kijana akithubutu kutaja wimbo wa leo, hunyamazishwa kwa methali: ngoma ya watoto haikeshi.

Pengine utauliza, jambo dogo kama hili lina haja gani ya kujadiliwa? Lakini mizani mbovu ya dukani haianzi kwa gunia, huanza kwa kibaba. Mtu akizoea kupunja katika mchezo, akasema hiki bora na hiki duni bila ya kuchungua, ataifanya tabia hiyo hiyo siku atakapowapima wanadamu wenzake. Basi na tutazame: wazee hawa wanapopanga daraja, wanapima nini hasa?

Wanapima vitu vitatu, wakidhani ni kimoja. Cha kwanza ni wimbo wenyewe: maneno yake, sauti yake, magitaa yanavyoitikiana. Cha pili ni umri wa msikilizaji. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1984 alizaliwa mwaka 1966. Wakati ule miguu haikumuuma, mama yake alikuwa hai, na mke aliyenaye leo alikuwa bado ni binti wa jirani anayepita njiani. Wimbo ukipigwa leo, yote hayo hurejea pamoja nao. Anaposema "wimbo huu ni wa kwanza," aghalabu husema, bila ya kujua, "umri ule ulikuwa wa kwanza." Huo ni ukweli mzuri, wala hapana wa kumlaumu, ila ni ukweli wa habari zake yeye, si wa wimbo.

Cha tatu ni ungo wa wakati. Mwaka 1984 zilipigwa nyimbo nyingi, nzuri na mbaya. Mbaya zimeshasahauliwa, na zilizobaki ni zile zilizopita katika ungo wa miaka arubaini. Nyimbo za mwaka huu, kinyume chake, hazijapetwa bado. Zimo na pumba zake. Mwenye kuziweka mbili hizi katika mizani moja ni sawa na mtu anayelinganisha mchele wake uliopetwa na mpunga wa jirani uliotoka shambani jana, kisha akamcheka jirani kwa uchafu. Tumezoea kuwaambia vijana kwamba kipya kinyemi, kingawa kidonda. Ni kweli, lakini kikuukuu nacho kina unyemi wake, na mara nyingi kidonda chake tumekwisha kukisahau.

Sasa zingatia namna nyimbo zile zilivyotufikia. Wakati huo Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam. Kiwanda cha kuchapa santuri nchini hakikuwapo. Bendi ziliingia studio ya redio, zikarekodi, na kanda zikabaki maktaba ya redio. Santuri zilichapwa Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977, haukufunguliwa ila mwaka 1983. Ndiyo maana nyingi katika zile tunazoziita leo "albamu" za mwaka fulani hazikupata kutoka pamoja katika mwaka huo. Ni nyimbo zilizokusanywa baadaye na mikono mingine. Hata Mbaraka, santuri zake kubwa zinazojulikana sana ni mfululizo ulioitwa Ukumbusho, uliotolewa Kenya yeye akiwa ameshazikwa. Jina hilo lenyewe linatosha kutwambia tunachokipima: twapima ukumbusho.

Na katika ukumbusho huo, nani ameachwa nje? Hapa ndipo Iringa na Mbeya zinapotufunza. Kutoka Iringa hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 500, ukiuteremka mlima wa Kitonga. Kutoka Mbeya ni zaidi ya 800. Bendi iliyotaka kurekodi redioni ilibidi ipakie vyombo na watu na kuufuata mwendo huo. Zilizokuwa na mwajiri mwenye nguvu ziliweza. Kiwanda cha kukata almasi cha Tancut pale Iringa kilikuwa na bendi yake, Tancut Almasi, na mwishoni mwa miaka ya themanini sauti za pacha wawili waliotoka Zaire, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, zilijulikana nchi nzima. Mtu wa Iringa akiiweka Tancut ya kwanza, mtu wa Dar es Salaam hucheka na kusema, "Huyo anapenda kwao." Naye anayesema hivyo, je, kuiweka bendi ya Dar es Salaam ya kwanza si kupenda kwao? Tofauti ni kwamba kwao kulikuwa na mnara wa redio. Na zile bendi ndogo za miji ya bara, zilizopiga usiku kucha na zisipate kurekodi hata mara moja, hazimo katika orodha ya mtu yeyote. Hazikushindwa, hazikuitwa barazani kutoa ushahidi wao. Kadhi anayehukumu baada ya kumsikiliza mdai mmoja tu, hata akipatia, hajafanya insafu.

Najua utanijibu: "Mapenzi hayana kadhi. Waache watu wafurahi." Maneno haya yana haki yake, nami siyakatai. Mtu na apende apendacho. Lakini "nilipenda" ni neno moja, na "ni bora" ni neno jingine. La kwanza ni habari ya moyo wako, hapana awezaye kukukanusha. La pili ni hukumu juu ya kazi ya watu, na kila hukumu ina deni la ushahidi. Ubaya ni kulichukua la kwanza na kulivisha kanzu ya la pili.

Wala usidhani nasema kwamba basi hapana wimbo bora wala duni. Njia ya kupima ipo. Mpe wimbo wako kijana asiyekuwapo mwaka ule, asiye na mama wa kumkumbuka ndani yake, umwache ausikilize kwa utulivu. Akipata ndani yake nasaha au uzuri, ujue wimbo una kitu chake wenyewe. Asipopata, huenda ulichokuwa ukikipenda kilikuwa ni ujana wako. Kisha, kwa kuwa mizani ina vitanga viwili, nawe uukubali wimbo wake, uusikilize mpaka mwisho bila ya kukunja uso.

Kuna jambo zito zaidi. Orodha ya nyimbo hugeuka kidogo kidogo ikawa sifa ya mwaka mzima. "Enzi zile ndizo!" Lakini je, tumeusahau mwaka 1984 ulivyokuwa? Tulipanga foleni za sukari na sabuni. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, lakini gharama yake ilikuwa ingali mabegani mwa watu. Aprili 12 mwaka huo waziri mkuu, Edward Sokoine, alifariki kwa ajali ya gari karibu na Morogoro, na nchi ikalia. Tukimwambia kijana kwamba wakati ule ulikuwa wa dhahabu, twamwongopea, na tena twamvunja moyo, kwa kuwa twamfahamisha kuwa amezaliwa amechelewa. Twende tukamweleze kweli: wakati ulikuwa mgumu, na katika ugumu ule walikuwapo watu waliofanya kazi nzuri. Habari hii ni ya kweli zaidi, na ina faida kwake, kwani yeye naye ana ugumu wake.

Mwisho, wakumbuke wenye kazi. Wanamuziki wengi wa siku zile walikuwa waajiriwa: Juwata ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi, Bima Lee ya shirika la bima, Tancut ya kiwanda. Magitaa na ngoma vilikuwa mali ya mwajiri, na aliyeacha kazi aliondoka mikono mitupu. Sheria ya hakimiliki iliyounda chama cha kusimamia haki zao, COSOTA, ilikuja mwaka 1999, wakati wengine walikwisha kufa. Marijani Rajab alifariki mwaka 1995. Sisi tumezipanga nyimbo zao ya kwanza hadi ya kumi, na wengi wetu tunazisikiliza katika nakala ambazo hapana senti iliyomfikia mtunzi wala mayatima wake. Ni mapenzi gani haya, yanayojua kusifu na hayajui kulipa?

Basi, ndugu msomaji, utakapokaa tena barazani na mchezo ukaanza, cheza. Lakini kila utakapotaja wimbo, mtaje na mtunzi wake, si bendi peke yake. Sema "nilipenda" pale unapopenda tu. Ulizia nani alipiga na hakusikika. Na ikiwa mtunzi yu hai, au ameacha watoto, fanya uinunue kazi yake kwa njia ya halali, kwa maana mwenye haki hashibi kwa kuwekwa wa kwanza.