Dakika za Kivukoni

Jioni moja ya juma lililopita tulikuwa katika kivuko cha Magogoni, Dar es Salaam, tukivuka kwenda Kigamboni pamoja na umati wa watu watokao kazini. Jua lilikuwa likizama nyuma ya majumba ya mji, na upepo wa bahari ukiwapoza waliochoka. Lakini karibu sote tuliinamia simu zetu. Mtoto mmoja tu, mgongoni mwa mama yake, alitazama juu, akanyosha kidole na kupaza sauti: “Kunguru!” Mama yake akainua kichwa, akacheka, nasi tukainua vichwa vyetu. Mara kivuko kikafika ng’ambo.

Twakiri kwamba tuliona haya. Kunguru wa Dar es Salaam hana sifa njema: ni mwizi wa vifaranga na mpiga kelele. Walakini katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 12, Bwana wetu alipotaka kuwatuliza wanafunzi wake waliosumbuka kwa ajili ya chakula na mavazi, hakuwaonyesha tausi. Aliwaelekeza kwa kunguru, ndege asiye na shamba wala ghala, ambaye Mungu hamsahau. Somo hilo lataka jambo moja tu, yaani kusimama na kutazama.

Wako wanaodhani kwamba utulivu wapatikana porini tu, au katika nyumba ya mafungo. Mafungo ni mema, tena yatupasa kuyapenda. Lakini Mungu hakubaki nje ya mji. Mkazi wa Moshi anao mlima Kilimanjaro, wa Morogoro anayo Uluguru, wa Mwanza analo ziwa na mawe yake. Hata aishiye uchochoroni anao mwarobaini mmoja wenye kivuli, na mvua igongayo bati. Vyote hivyo havidai kiingilio.

Labda mtauliza: mama lishe aamkaye alfajiri, au kondakta asiyepumzika, watapata wapi nafasi? Hatutaki kuwatwika mzigo juu ya mzigo. Dakika tunazozisema zimekwisha kuwapo: za kungoja basi, za kungoja ndoo ijae bombani, za kupunga hewa kibarazani. Simu na ikae mfukoni. Tuvute pumzi taratibu, tutazame kitu kimoja, tusikilize sauti moja, kisha tuseme moyoni: Asante, Bwana. Mawazo yakitoroka, tuyarudishe kwa upole kama mchungaji arudishavyo mwana-mbuzi. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si’ ya mwaka 2015, alitukumbusha desturi ya kusimama kidogo na kumshukuru Mungu kabla na baada ya chakula. Kumbe desturi hiyo twaweza kuifuata hata kituoni.

Wala mtu asidhani kwamba haya ni ya kujifurahisha tu. Kumbukeni habari ya Bartimayo, yule kipofu aliyeketi kando ya njia itokayo Yeriko. Umati ulikuwa na haraka, ukamkemea anyamaze. Bwana wetu alikuwa safarini kwenda Yerusalemu, kwenye mateso yake. Hakuna aliyekuwa na shughuli kubwa kuliko yake. Lakini alisimama, na kwa kuwa alisimama, kipofu alipata kuona. Asiyejua kusimama hamwoni kunguru. Na asiyemwona kunguru, hatamwona jirani yake aliyeketi kando ya njia.

Tena hasara kubwa zaidi iko nyumbani. Baba afikaye jioni hali mawazo yake yangali kazini, na mama ahesabuye madeni huku mtoto akimsimulia ya shuleni, wamefika kwa miguu tu. Mtoto huyajua hayo upesi, naye hunyamaza. Siku itakuja tutakapotamani atusimulie, naye atakuwa amekwisha kuzoea kunyamaza.

Basi, wazazi wapendwa, juma hili tujaribu jambo dogo. Kabla ya kubisha hodi, tusimame kidogo nje ya mlango, tutazame mbingu iliyo juu ya paa letu, tumshukuru Mungu kwa siku iliyopita, ndipo tuingie. Na mtoto akitunyoshea kidole atuonyeshe ndege, tusimwambie kwamba hatuna nafasi. Tutazame pamoja naye.