Je, Ni Halali Kuupamba Msiba?

Ndugu msomaji, hebu nikuulize: mtu akiumia, ana wajibu wa kulia vizuri?

Swali hili lilinijia usiku mmoja hapa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru. Mshikaji wangu alinirushia kwenye simu albamu iitwayo Duma, ya kundi lenye jina hilohilo. Ni vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, na albamu yao ilitolewa mwaka 2020 na lebo ndogo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes. Sisi tukisikia duma tunamfikiria mnyama mwenye mbio. Wao jina wamelitoa kwenye Kikuyu, na maana yake ni giza.

Nikabonyeza. Mama yangu! Gitaa linakwaruza kama bati linaloburutwa kwenye lami, ngoma za mashine zinakimbia kuliko moyo wa mtu, na Khanja anapiga mayowe tu. Wimbo wa kwanza haujaisha, mama mmoja jirani akagonga dirisha: "Mwanangu, humo ndani anachinjwa nani?"

Nikazima. Lakini usingizi haukuja, na sababu nitakwambia.

Mwaka jana kaka yangu alifariki kwa ajali ya bodaboda. Mimi niliishia kidato cha nne, lakini naandika riwaya, na sura ya tano inahusu kifo chake. Niliipamba kwelikweli: mwezi ukajificha nyuma ya Uluguru, umande ukawa machozi ya majani. Nikamsomea mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ni nzuri, mwanangu. Ila siku ile haikuwa nzuri." Akaenda kuosha vyombo.

Nakumbuka mama alivyolia siku ile. Hakuwa na maneno. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, mbaya, na hakuna aliyemwambia aishushe. Sasa kwa nini sauti ya mama naiita kilio na ya Khanja naiita kelele?

Kijiweni walinipinga. Mmoja akasema, "Acha hizo! Huu ni mji wa Mbaraka Mwinshehe. Yule aliimba shida za watu na gitaa likabembeleza. Kuumia siyo lazima upayuke." Hoja ina uzito. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, na mpaka leo wazee wetu wakimsikia wanatulia. Utamu nao unaponya.

Ila tujiulize utamu huo ni wa nani. Gitaa la Mbaraka linambembeleza anayeumia. Umande wangu ulikuwa wa kunipatia sifa mimi. Nilimchukua kaka yangu nikamfanya pambo, na hilo ndilo mama aliliona.

Kelele nazo zina mtego huohuo. Mtu anaweza kupayuka ili aonekane mkali tu. Tena yule jirani ana mtoto mchanga, na hamu yangu ya kusikiliza giza hainipi haki ya kumnyima mtoto usingizi. Kwa hiyo nimeisikiliza albamu yote, nyimbo 9, kwa hedifoni. Mara ya tatu fujo ikapungua masikioni. Nikamsikia mtu anayekataa kudanganya kwamba mambo ni shwari.

Halafu nikamkumbuka jirani dirishani. Yowe likipigwa usiku, watu hutoka majumbani kuuliza kuna nini. Yeye alitoka. Lakini sura yangu ya tano wameisoma watu wanne, wote wakaisifu lugha, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza naendeleaje.

Nimeichana. Naianza upya, na sentensi ya kwanza ni sauti ya mama, bila mwezi wala umande. Bado sijamsomea, maana naogopa kumrudisha siku ile. Wewe mwandishi mwenzangu, ungemsomea?