Kupanda Waridi Tukimngoja Bwana

Somo la ziada kwa madarasa ya Shule ya Sabato, robo ya nne

Soma kwa ajili ya somo hili: Isaya 35:1-10, Yeremia 28:1-4, Yeremia 29:4-10, Mwanzo 2:8, 9, Yohana 12:1-8, Luka 19:11-13.

Robo ya nne ya mwaka huangukia msimu wa vuli. Hapa Kabuku, mvua ya kwanza ikishatuliza vumbi la barabara ya Segera na Chalinze, kila mwenye jembe hufikiria mahindi na kunde. Ni wakati mwema pia wa kupanda waridi nyumbani, kwa kuwa kijiti hupata wiki kadhaa za unyevu kabla ya jua kali la Januari na Februari. Jambo hili likitajwa darasani, jibu huwa tayari: Bwana yu karibu kuja, maji tunayanunua kwa ndoo, na nyumba yenyewe ni ya shamba la mkonge. Waridi la nini? Ndugu mwanafunzi, usilipuuze swali hilo. Lina imani ndani yake, na lina uchovu pia.

Tuanze na nyumba. Tangu enzi za manamba, watu waliletwa katika mashamba ya mkonge ya Tanga kutoka mbali, wengine Kigoma, wengine Songea, wakaishi kambini katika nyumba ambazo hazikuwa zao. Mtu anayehesabu siku za kipande hapandi mti. Hupanda mchicha, maana mchicha huliwa kabla hajahamishwa. Na wajukuu wa watu hao, ambao wamezaliwa hapa na kubatizwa hapa, bado baadhi yao wanaishi hivyo, kana kwamba lori la kuwarudisha linakuja kesho.

Soma Yeremia 28:1-4. Hanania aliwaambia watu nini, na kwa muda gani? Kisha soma Yeremia 29:4-10 ulinganishe.

Hanania alitoa miaka miwili. Yeremia alitoa 70. Tofauti hii si ya hesabu tu. Aliyemwamini Hanania hakuwa na sababu ya kuchimba hata shimo moja Babeli, lakini aliyesikia barua ya Yeremia alitakiwa kujenga, kupanda bustani na kuutakia amani mji ule wa kigeni. Angalia kwamba Mungu hakuwaambia Babeli ni kwao. Kurudi kulikuwa kumeahidiwa, katika barua hiyo hiyo. Waliambiwa wapande wakiwa wageni. Ardhi haikuwa yao, mfalme hakuwa wao, na bado kilichopandwa kilikuwa ni utii.

Sasa hoja ya pili, iliyo nzito zaidi kwetu sisi Waadventista. Historia yetu wenyewe ina majira ya vuli yasiyosahaulika. Mwaka 1844, huko New Hampshire, Marekani, mkulima Leonard Hastings aliacha viazi vyake ardhini bila kuvuna, kwa sababu aliamini Bwana angekuja Oktoba 22. Majirani walimcheka. Mwaka ule ugonjwa wa kuozesha viazi uliharibu vya wale waliowahi kuvuna, na vyake, vilivyochimbwa kwa kuchelewa, vilikuwa vizima. Tunapenda kusimulia habari hii, na inafaa isimuliwe. Lakini tusiifanye kanuni ya kilimo. Hastings aliacha kuvuna. Kumbuka kwamba alikuwa amepanda.

Binti mmoja wa miaka 16 alikuwa miongoni mwa waliongoja siku ile na kuvunjika moyo. Nusu karne baadaye, Ellen White, akiwa na miaka 67, alikuwa Cooranbong, Australia, mahali ambapo mtaalamu wa serikali alikuwa ameukagua udongo na kuuona haufai. Mwaka 1895 alipanda pale miti ya matunda. Je, alikuwa ameacha kumngoja Bwana? Hakuna aliyesoma maandiko yake anayeweza kusema hivyo. Mwenye kungoja kwa muda mrefu hujifunza jambo ambalo aliyeanza jana halijui: kungoja kunahitaji mikono iwe na kazi. Katika Luka 19 bwana anayesafiri anawaachia watumwa wake mtaji na kuwaagiza waufanyie biashara hadi atakaporudi. Hakuwaagiza wakae langoni.

Isaya 35:1. Biblia yetu ya Union inasema jangwa litachanua kama waridi. Neno la Kiebrania lililopo hapo linapatikana mara mbili tu katika Agano la Kale, hapa na katika Wimbo Ulio Bora 2:1, ambapo watafsiri wetu waliandika ua la uwandani. Wataalamu wengi hudhani ni ua linalotoka katika kitunguu chini ya ardhi, linalolala kiangazi chote kama limekufa, kisha mvua ikigusa nchi linatokeza kabla ya majani mengine. Watu wa huku wanaijua nyinyoro na hawahitaji maelezo marefu. Tazama pia mpangilio wa sura. Sura ya 34 imeishia kwenye miiba iotayo katika majumba ya kifalme. Ua linatajwa katika 35:1, mikono iliyolegea na magoti dhaifu yanatiwa nguvu katika fungu la 3, na maji yanabubujika nyikani katika fungu la 6. Ua limetangulia maji! Mwalimu wa darasa, usiharakishe hapo.

Hoja ya maji nayo ni ya kweli, na anayebeba ndoo kichwani ndiye mwenye haki ya kuisema. Yuda alipouliza kwa nini marhamu isiuzwe kwa dinari 300 wapewe maskini, Yohana anatuambia wazi kwamba hakuwajali maskini. Lakini mama anayehesabu ndoo anawajali. Wamo ndani ya nyumba yake. Kwa hiyo asipewe jibu la Yuda. Apewe jibu la mkulima: mwaridi hauhitaji maji ya kunywa. Maji ya kusuuzia mboga au nguo, yasiyo na sabuni nyingi, yanautosha. Na Mwanzo 2:9 inataja miti ya Edeni kuwa ya kutamanika kwa macho kabla haijasema ni mizuri kwa kula. Mungu hakuona haya kuanza na macho.

Basi, kwa anayetaka kupanda. Usihangaike na waridi refu la dukani lililotoka mashamba ya Arusha. Limezoea baridi ya huko, na kijiti chake mara nyingi hakishiki. Tafuta mwaridi wa zamani ulio katika ua wa jirani, uliokwisha kuvumilia joto la huku. Kata vijiti vyenye unene wa penseli na urefu wa kama sentimita 20, chini kidogo ya kifundo, uondoe majani ya chini na machipukizi ya maua. Vichomeke katika mchanga uliochanganywa na udongo, kivulini, nusu ya kijiti ikiwa chini. Kata kumi, wala si kimoja. Mkonge wenyewe uliletwa Tanganyika mwaka 1893 kutoka Florida, miche 1,000, ikafika hai 62, na kutoka katika masalio hayo yakapatikana mashamba yote haya.

Mizizi ikishika, chimba shimo la sentimita 45 kwenda chini na upana uo huo, mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Changanya samadi iliyooza kabisa, mbichi huunguza. Tandaza majani makavu, lakini yasiguse shina, maana mchwa hawana dini. Mwagia chini asubuhi, usilowanishe majani, na yale yenye madoa meusi yachume uyachome. Maua ya kwanza yakatwe yakiwa bado machanga ili mti ujenge mizizi. Hili huwauma wengi. Ni mwaka mmoja hadi miwili kabla ya kuwa kichaka kamili. Na weka miiba ya uzio, kwa ajili ya mbuzi.

Kwa majadiliano ya darasa: Ni kitu gani hujakipanda, au hujakijenga, kwa sababu unasema si kwako? Je, ni Yeremia au Hanania aliyekufundisha hivyo? Kama mngepanda mwaridi mmoja nje ya nyumba ya mjane aliye kambini, nani angeleta maji mwezi wa Februari? Andikeni majina, na vijiti vikatwe kabla jua la Ijumaa halijashuka.