Jicho la Mwanafunzi

Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya uuguzi hufundishwa kwa maneno. Maneno yana faida yake, lakini mikono hujifunza zaidi kwa kutazama mikono mingine. Florence Nightingale alilijua jambo hili. Chuo chake cha wauguzi kilipofunguliwa London mwaka wa 1860, wanafunzi walifanya kazi katika hospitali ya St Thomas, wakiwafuata wauguzi wenye ujuzi kitanda kwa kitanda.

Wataalamu wa siku hizi wametueleza sababu. Mwaka wa 1992 wataalamu wa Parma, katika Italia, walitoa habari za ubongo wa tumbili: chembe zifanyazo kazi tumbili ashikapo kitu, baadhi yake huamka vile vile amwonapo mwingine akishika. Na kwa wanadamu imeonekana ya kuwa sehemu za ubongo ziongozazo mikono huamka hata tutazamapo tu. Basi atazamaye kidonda kikifungwa ameanza kukifunga, ingawa hatakuwa stadi mpaka ajizoeze mwenyewe.

Lakini hapa pana hatari. Jicho halichagui, hupokea kosa kama lipokeavyo wema. Katika hospitali ya wazazi ya Vienna, wanafunzi wa uganga walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda kuwazalisha wanawake pasipo kuitakasa mikono ipasavyo, maana ndivyo walivyowaona wakubwa wao wakifanya. Mwezi wa Aprili 1847 walikufa wazazi 18 hivi katika kila 100. Ndipo tabibu Ignaz Semmelweis alipoamuru mikono ioshwe kwa maji ya klorini, na mwezi wa Juni walikufa 2 hivi tu katika 100.

Je, mwanafunzi aigapo kosa, hatia ni ya nani? Wako wasemao kila mtu atachukua mzigo wake. Sisi twaona ya kuwa mwanafunzi asiyejua sababu hana hatia kubwa. Mzigo ni wa yule aliyetazamwa, hata kama hakuamuru neno lo lote. Lakini mwanafunzi akiisha kujua kwa nini mikono huoshwa, hawezi tena kujificha nyuma ya mkubwa wake na kusema, "Ndivyo nilivyoona." Kwa hiyo yampasa kila mwanafunzi aulize sababu ya kila atazamalo, na yampasa kila mkubwa akubali kuulizwa bila hasira.

Wala neno hili si la hospitali peke yake. Nyumbani mwetu wamo wagonjwa na wazee, na watoto wetu hututazama tukiwanywesha uji, tukiwageuza kitandani na kuwajibu waitapo usiku. Hatukuwaambia watoto ya kuwa hilo ni somo. Hata hivyo wanajifunza, na siku moja mikono hiyo hiyo itatuuguza sisi.